Mahari Isiyoshikika

Kama hakuna aliyeiba, nyumba ilikwenda wapi?

Swali hilo liliishi na Siwema kama paka wa nyumbani: hulilishi, hulifukuzi, nalo kila ukikaa linakuja kujikunja miguuni pako. Alilipata akiwa bado na meno ya utoto. Alikua nalo, akajifunza ushonaji nalo likiwa limelala chini ya cherehani, na asubuhi ile ya harusi yake, alipokuwa ameketi nyuma ya pazia, mikono yake imechorwa hina mpaka kwenye viwiko, swali liliinua kichwa likamtazama.

Nchi yenyewe ilikuwa hivi. Jina ilikuwa nalo zamani, lakini lilifupishwa na kufupishwa mpaka likabaki pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai. Vitu vya nchi ile havikupotea. Vilisinyaa. Mkate ulisinyaa ukiwa kapuni, njiani kutoka dukani. Mshahara ulisinyaa kati ya dirisha la mlipaji na mlango wa kutokea. Lakini kilichosinyaa kupita vyote ni fedha, na haikusinyaa kwa siri. Noti ilitoka kiwandani ikiwa na sura ya kijana aliyenyolewa vizuri, macho yanang'aa, shingo imesimama. Ukimtia mfukoni asubuhi, adhuhuri ameota mvi. Ukimsahau kwenye kanzu mpaka Ijumaa ya pili, unamtoa mzee asiye na meno, na mwenye duka anamtazama kwa huruma anakwambia, "Huyu mwache apumzike." Hapo huchapwa kijana mwingine, anaongezewa sifuri moja mgongoni, na mbio zinaanza upya. Sifuri zilizaana kama mayai ya chawa. Watoto walizijua kabla ya kujua moja.

Kwa hiyo watu walikimbia. Aliyelipwa alikimbia sokoni, muuzaji alikimbia kwa mwenye ghala, mwenye ghala alikimbia asipopajua. Na kwa kuwa kila mtu alikimbia, hakuna aliyeahidi. Ahadi haikuvuka wiki. Mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi kila asubuhi kabla ya uji. Baba hakuthubutu kumwekea mwanawe akiba ya shule. Fundi hakupokea kazi ya mwezi ujao. Mtu akisema "mwakani" watu walimtazama kama aliyetaja jamaa aliyekufa baharini.

Na mtu asiyeweza kuahidi ni nani? Siwema aliliwaza hilo mara nyingi, mguu ukikanyaga cherehani. Aliyelala jana si yule aliyeamka leo. Kucha zimeota, ndoto imebadilisha kitu, hasira ya jioni haikumbukwi asubuhi. Nini basi kinamshona huyu wa leo na yule wa jana wawe vazi moja? Neno tu. Jana nilisema, leo natenda. Uzi ule ukioza, mtu hubaki vipande: mkono wa Jumatatu, macho ya Jumanne, moyo wa siku isiyojulikana. Katika nchi ile ulikuta watu wa namna hiyo barabarani, wema kabisa, wapole, lakini ukiwaita kwa jina wanageuka wakiwa wamechelewa kidogo, kama wanaokumbuka kwamba zamani waliwahi kuitwa hivyo.

Mama yake Siwema, Bi Mwanakombo, aliolewa wakati kijana wa kwenye noti hajaota hata ndevu. Mahari yake iligawanywa kama ilivyo desturi. Sehemu ndogo alipewa siku ileile. Sehemu kubwa ilibaki kuwa ahadi, mahari ya baadaye, ile ambayo mke hulipwa siku ndoa itakapokatika, kwa talaka au kwa kifo. Na ahadi yake ilitosha kununua nyumba. Haikuwa nyumba ya mdomoni. Ilikuwapo, mtaa wa pili, ina mlango wa mninga, dirisha linalopokea jua la kwanza, na kisima uani. Shangazi zake walimpitisha barabarani akaiona. "Ile," walimwambia. "Likikufika la kukufika, una ile."

Hakuachwa. Alipendwa, tena sana. Mumewe alipofariki na eda ikaisha, ndugu wa marehemu walikuja wakalipa kila shilingi iliyoahidiwa. Hawakupunguza senti. Waliomba radhi, wakalia pamoja naye. Bi Mwanakombo alizifunga shilingi zile kwenye upindo wa khanga, akaenda dukani. Mwenye duka alizitazama nyuso za wazee wale mmoja mmoja, akawaweka chini, akampa kiberiti kimoja.

Ndiyo nyumba. Ndiyo mlango wa mninga, dirisha na kisima.

Alirudi nyumbani na kiberiti. Hakuwasha hata njiti moja. Tangu siku ile, alipotaka kuwasha jiko alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, akarudi nalo kwenye kigae, akilipuliza njiani.

"Mama, nani aliyeila nyumba?" aliuliza Siwema mdogo.

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Baba mdogo Hamadi?"

"Astaghfirullah! Hamadi alilipa yote. Usimtie mtu dhambi."

Kama hakuna aliyeiba, nyumba ilikwenda wapi?

*

Lakini katika nchi ile kulikuwa na mahali pamoja ambapo ahadi haikufa, na mahali penyewe palikuwa mlango wa jikoni. Wanawake waliazimana unga. Aliyeazima kikombe cha unga alirudisha kikombe cha unga, kimejaa vilevile, kimesawazishwa kwa kidole vilevile. Hakuna aliyeuliza kijana wa kwenye noti ameota mvi ngapi tangu siku ya kuazima. Kikombe hakikumjua. Waziri aliapa redioni na kiapo chake kikachacha kabla ya taarifa ya habari kwisha, na wakati huohuo Mama Fulani alimgongea jirani na kusema, "Nimekuletea kile kikombe chako cha mwezi wa mfungo mosi," na dunia, kwa muda wa kumimina unga, ikasimama wima.

Haijulikani ni nani aliyeona kwanza. Wengine husema ni mtu mkubwa aliyekosa usingizi, wengine husema ni mke wake. Alisimama mlangoni pa jiko akatazama kikombe kikirudi, akauliza: je, nchi nzima ikiazima kikombe hiki?

Ndipo ilipojengwa Nyumba ya Kapu, juu ya mlima. Kila alfajiri watu wake walishuka kwenda sokoni wakiwa na kapu moja lisilobadilika: unga, mafuta ya kula, chumvi, sabuni, mkaa, nauli ya kwenda na kurudi, dawa ya homa, daftari la mtoto. Hilo ni kapu la nyumba moja kwa mwezi mmoja. Waliuliza bei, soko kwa soko, duka kwa duka. Hawakubembeleza, hawakukasirika, hawakununua. Wauzaji waliwatania: "Haya, wauliza-bei hao, ficheni nyanya zisije zikaulizwa mpaka zikaiva!" Wao walicheka, wakaandika, wakapanda mlima. Wakiwa juu walitamka: kinacholijaza kapu hili ni thabiti moja. Jana lilijaa kwa shilingi hizi, leo kwa shilingi hizi nyingine. Thabiti yenyewe ni moja jana, moja leo, na moja siku wajukuu wetu watakapozika wajukuu wao.

Thabiti haikuchapwa. Haikufuliwa chuma. Hukuweza kuinunulia ndizi, kuificha chini ya godoro, wala kumrushia bibi harusi. Haikuwa na sura ya mtu yeyote, na kwa kuwa haikuwa na sura, haikuzeeka.

Siku mpiga mbiu alipopita mtaani mara ya kwanza, Siwema alikuwa anashona mkono wa gauni. Pembe ililia, kisha sauti: "Thabiti ni ileile! Shilingi ndiyo iliyohama!" Mguu wake ulisimama juu ya cherehani. Alihisi kama mtu aliyepanda maisha yake yote ngazi inayozama, akiinua mguu huu na ule unashuka, halafu ghafla kisigino kimegusa jiwe. Jiwe halikuwa kubwa, na halikumpandisha hata hatua moja. Lakini halikuondoka. Aliinamisha kichwa juu ya gauni la watu na akalia kidogo, kwa haya, akihofia machozi yasidondoke kwenye hariri.

Tangu siku ile aliipenda thabiti kama wengine wanavyopenda nyota. Alijua kwamba haimjui. Alijua kwamba haimpi mtu mkate. Na bado kila mbiu ilipolia alinyoosha mgongo.

*

Mchumba wake aliitwa Shaame, mwashi, mtu wa maneno machache na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kupitia kwa mshenga, Siwema alimpelekea sharti moja: mahari ya baadaye itajwe kwa thabiti. Thabiti kumi na mbili. Mshenga aliporudi alikuwa anakuna kichwa. "Amesema sawa. Nikamuuliza, sawa nini? Akasema, sawa."

Lakini ndoa si ya wawili, na nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mahari, hata ile ya baadaye, lazima ishikike. Siku ya harusi huwekwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa, kisha sinia hupita mbele ya mashahidi, kila mmoja anaingiza mkono anaigusa, ndipo hurudi kwa mume ikiwa deni. Usichokigusa hukukishuhudia. Hivyo ndivyo walivyosema wazee, na wazee wenyewe walikuwa wameambiwa.

Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha ndani, na kati yao lilining'inia pazia la maua mekundu. Shehe wa kufungisha ndoa alikuwa amekwisha kunywa maji mara mbili. Kilichongojwa kilikuwa mahari, na aliyetumwa kuileta alikuwa ami yake bwana harusi, Mzee Mbarouk, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

Aliingia akihema, gunia tupu begani.

"Jamani, nimeaibishwa!" alisema, akalitupa gunia sakafuni. "Nimepanda mlima ule na goti langu hili. Nimefika Nyumba ya Kapu, nimewaamkia vizuri, nikawaambia, nipimieni thabiti kumi na mbili, ni za harusi, msinipe zilizovunjika. Wakanitazama. Binti mmoja akaniambia, mzee wangu, hapa hatuna hata moja. Nikasema, nitazamieni stoo. Akasema, mzee, hatukupata kuwa nayo hata moja. Ofisi nzima, jamani! Ghorofa tatu! Wenye thabiti hawana thabiti!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nyuma ya pazia shangazi mmoja alipaza sauti: "Na hilo gunia, Mzee Mbarouk, lilikuwa refu vile tangu asubuhi au nalo limesinyaa?"

"Nani huyo?"

"Mwenye kukuonea huruma!"

"Huruma mpeni binti yenu, anayeolewa kwa hewa." Akageukia sinia lililokuwa mkekani, akalifunua kitambaa, akalifunika tena. "Tupu. Shehe, ndoa gani hii? Tuguse nini?"

Shehe alisafisha koo. "Ninavyojua mimi, mahari sharti ijulikane. Kugusa ni desturi yenu."

"Na desturi yetu ndiyo iliyotuleta hapa. Basi taja dhahabu, bibi harusi! Dhahabu naijua, naigusa, naing'ata."

Kwa desturi bibi harusi hasemi. Siwema alitazama mikono yake. Maua ya hina yalionekana kama ya mtu mwingine. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo hata waliokaa karibu na pazia waliinama.

"Ami, dhahabu haijui bei ya unga. Leo inapanda kwa kuwa wafalme wamegombana mbali huko, kesho inashuka kwa kuwa wamepatana. Mimi sili ugomvi wa wafalme."

"Aa! Kumbe ana ulimi. Haya, mwanangu, hiyo thabiti umepata kuishika?"

"Sijapata. Ami umepata kuishika inchi?"

"Inchi?" Mzee Mbarouk alicheka. "Hata mtoto anaishika. Leteni futi ya cherehani."

Mkono wa Siwema ulipitisha utepe wa kupimia chini ya pazia. Mzee aliushika, akaweka kucha mbili. "Hii hapa. Inchi."

"Huo ni utepe, ami. Ukichanika tutanunua mwingine. Mimi nakuomba inchi yenyewe, uing'oe humo unipe mkononi."

Mzee aliutazama utepe, akaugeuza upande wa pili. Watu walianza kutabasamu, yeye akiwamo. "Binti mkorofi huyu," alisema, si kwa ubaya. "Hakuna mtu anayevaa inchi."

"Hakuna. Na ikikosekana, wote tutakwenda uchi."

Wanawake wakapiga vigelegele, na kama mambo yangeishia hapo ingekuwa harusi ya kicheko. Lakini Mzee Mbarouk hakuwa mjinga. Aliukunja utepe taratibu, na aliposema tena sauti ya ng'ombe ilikuwa imemtoka.

"Sikieni. Mimi sina mtoto. Huyu Shaame nimemlea. Ni mwashi, analipwa shilingi, jioni kwa jioni, shilingi hizihizi zinazomfia mfukoni. Akidaiwa kwa shilingi, deni na mshahara vinazeeka pamoja, vinaegemeana. Akidaiwa kwa thabiti, mshahara utasinyaa, deni litasimama palepale linamtazama. Mnamfunga mwanangu kwenye nguzo isiyooza. Hilo nalo mmelipima kwa inchi?"

Na lilikuwa kweli.

Siwema alilisikia likimwingia. Hakuwa amelala hata siku moja bila kuiona thabiti kama jiwe chini ya kisigino. Leo aliliona jiwe lilelile likiwa shingoni mwa mtu mwingine, mtu mwenye vumbi kwenye nyusi ambaye alikuwa amesema "sawa." Je, uthabiti wa mmoja ni mzigo wa mwingine? Ukuta haupepesuki kwa kuwa msingi unaumia. Nani nimwombe awe msingi wangu? Na mimi, nitakuwa msingi wa nani? Aliyawaza hayo haraka, yakigongana, na chini ya mawazo yote palikuwa na jambo moja dogo la kitoto: sitaki aondoke.

"Kubali shilingi, mwanangu," Bi Mwanakombo alimnong'oneza. "Watu watarudi kwao. Kubali. Sisi tumezoea."

Ukumbini Mzee Mbarouk alikuwa amekwisha simama. "Nyanyukeni, twendeni. Wakitaka shilingi watatuita." Ndala zilianza kutafutwa mlangoni, na kila mwenye ndala akiomba moyoni asizione.

Siwema alifungua mdomo aseme "shilingi." Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, limezeeka kabla ya kutoka. Alimgeukia mama yake ampe nguvu ya kulitema, akaona uso wa mama umebadilika. *Tumezoea.* Bi Mwanakombo alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe.

Alifungua upindo wa khanga na kutoa kiberiti.

Karatasi yake ilikuwa imepauka, pembe zimelainika kwa kushikwa. Alikiweka kwanza kiganjani mwa bintiye, na kwa muda wa pumzi moja Siwema hakuwa Siwema. Alikuwa mjane kijana, amesimama dukani, khanga ya eda bado ina mikunjo, na mwenye duka anamwambia, "Ndicho kinachotoka, Bi Mwanakombo," naye anaitika kwa jina hilo, lake kabisa, na nje jua linawaka juu ya mtaa wa pili na anajua kwamba akirudi nyumbani hatapita njia ile tena. Kisha mama alikichukua kiberiti na Siwema akarudi kuwa yeye, shavu limelowa. Bi Mwanakombo aliinama, akakisukuma chini ya pazia mpaka kikagonga ukingo wa sinia.

"Mzee Mbarouk," alisema kutoka ndani. "Kabla hujaondoka. Unataka cha kugusa. Gusa nyumba yangu."

Mdogo wa marehemu baba yake, Baba mdogo Hamadi, ndiye aliyekuwa walii wa bibi harusi, ameketi kando ya shehe. Alikiona kiberiti akakijua. Alikiokota kwa vidole viwili.

"Shemeji," alisema. "Bado unacho?"

"Bado ninacho."

"Nililipa yote, shemeji."

"Ulilipa yote, Hamadi. Wallahi, mbele ya watu, sikudai na sijapata kukudai. Ulikuja na haki kamili ukanipa mkononi. Ndiyo hiyo uliyoshika."

Hamadi alikiweka mkononi mwa shehe. Kiberiti kilipita. Kila mtu alikishika kama alivyoshika mahari za watu maisha yake yote: kwa ncha ya kidole, kichwa kimeinama. Wengi walikuwa na viberiti vyao nyumbani. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ya dada yangu ilitoa sindano." Mwingine, "Sisi mama alikataa kuipokea, akasema bora nibaki naidai." Kilipomfikia Mzee Mbarouk alikitikisa sikioni, akasikia njiti zikigongana ndani, njiti zote, hakuna iliyopungua. Ndala moja ilikuwa mguuni, nyingine mkononi.

Hapo ndipo Shaame aliposema. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi.

"Ami, ukuta ukipinda huwa tunafanyaje?"

"Unaniuliza mimi kazi yako?"

"Tunaubomoa tunaujenga upya. Hatulipindi timazi la kupimia ukuta." Alitazama mikono yake, kama anayesoma humo. "Umesema kweli. Deni hili halitazeeka. Huenda likanishinda. Likinishinda, nataka ijulikane nimeshindwa, watu wanione. Sitaki niwe nimevunja neno halafu shilingi inifichie niitwe mwaminifu. Ba' Hamadi ni mwaminifu kuliko sisi sote, na tazama alichoshika." Kisha, kwa taabu, kwa kuwa kilikuwa kitu cha faragha: "Na kumi na mbili si nyingi. Nilimuuliza mshenga, mbona kumi na mbili?"

"Mbona?" aliuliza shehe.

Jibu lilitoka nyuma ya pazia. "Ni kula kwa mwaka mmoja. Likinifika la kunifika, nile mwaka mmoja nikifikiri."

Mzee Mbarouk alisimama na ndala yake mkononi. Alimtazama kijana aliyemlea kana kwamba amemkuta barabarani, akamwita, naye amegeuka papo hapo, bila kuchelewa. Akavua ndala ya pili. Akakaa.

"Lete hilo sinia," alisema.

Bi Mwanakombo alirudishiwa kiberiti chake. Sinia likafunikwa kitambaa, tupu, na vijana wawili walioshika ncha zake wakaliinua kwa mikono miwili miwili, hakuna aliyewaambia. Lilipita. Mkono baada ya mkono uliingia chini ya kitambaa, ukatulia juu ya bati baridi, ukatoka polepole. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na waliofumba macho. Mmoja alikawiza mkono wake humo mpaka jirani akamgusa bega. Siwema alitazama kwenye upenyo wa pazia na akaona jambo ambalo angelikumbuka hata siku atakaposahau mengine yote: watu wazima wa nchi ile, waliokimbia maisha yao yote na vizee mfukoni, wameketi kimya, wanagusa mwaka ambao haujafika, nao haukimbii.

Mzee Mbarouk alikuwa wa mwisho. Aliingiza mkono, akapapasa huku na huku, akatulia.

"Zito," alisema.

Shehe alimjia bibi harusi paziani, akamuuliza kama anakubali kuolewa na Shaame kwa mahari ya thabiti kumi na mbili, za baadaye. Siwema, ambaye alikuwa amesema siku ile kuliko mwaka mzima, alirudiwa na haya yake yote kwa mpigo, hata ikabidi aulizwe tena. Alikubali kwa sauti ambayo ilisikiwa na shehe peke yake. Kule nje mbiu ya asubuhi ililia, ikakaribia, na mpiga mbiu akapita chini ya dirisha akitangaza kwamba thabiti ni ileile. Akataja na shilingi zimefika ngapi, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza na hakuna aliyesikia.

*

Ilibaki kahawa. Buli lilikuwa tayari, jiko la mkaa limepangwa uani, mafuta ya taa yamenyunyizwa. Shangazi mwenye ulimi alizunguka na kigae. "Jirani kafunga, yuko hapahapa harusini. Nani ana kiberiti?"

Watu walipekua mifuko. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha kupekua, wakatazama pembeni, kwa adabu.

Bi Mwanakombo alitoka uani. Alichuchumaa mbele ya jiko, akakisukuma kidroo cha kiberiti kwa kidole gumba. Njiti zilikuwa zimelala humo kama siku ile, vichwa vyekundu, upande mmoja.

"Mama, usi—" alisema Siwema mlangoni, shela begani.

"Niache, mwanangu. Wewe una yako."

Njiti ya kwanza ilikatika. "Mlango," alisema Bi Mwanakombo, akaitupa. Ya pili ilikwaruza, ikatoa moshi mwembamba, ikafa. "Dirisha." Alichagua ya tatu kwa muda mrefu. Aliikwaruza mara moja, bila kusita, ikawaka, mwali mrefu wa manjano uliosimama wima mbele ya uso wake, na yeye akautazama kwa mshangao, na akaanza kucheka.

"Kisima!" alisema, akautumbukiza kwenye mkaa.

Kahawa ilichemka, na wote wakanywa.